Uzi maalumu: Michezo ya Warusi, kuanzia barafu ya uani hadi mieleka ya Dagestan

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni.

Kuna uzi ulipita humu watu wakibishana Warusi wanapenda mchezo gani. Karibu kila aliyechangia alijibu "mpira wa miguu", na mjadala ukaishia hapo. Mimi nimesoma Voronezh, mji wa Urusi, bado nawasiliana na watu wa kule, na mada hii iko moyoni mwangu. Naomba niiandike kwa urefu unaostahili.

Ni kweli mpira wa miguu unatazamwa na wengi. Spartak Moscow ina mashabiki nchi nzima, na ile Kombe la Dunia ya 2018 waliyoiandaa wao wenyewe, kipa Akinfeev alipookoa penalti ya Iago Aspas kwa mguu na kuitoa Hispania, watu walimwagika barabarani usiku kucha. Lakini mchezo unaoutazama ni kitu kimoja, na mchezo uliokulia ndani yake ni kitu kingine. Mrusi wa makamo, hasa wa mikoa yenye theluji nyingi, amefungwa skii (zile mbao ndefu za kutelezea theluji) miguuni shuleni kwenye kipindi cha mazoezi ya viungo, apende asipende. Alikimbizwa kilomita kadhaa msituni huku mwalimu kashika saa. Hata asiyejua sheria moja ya mpira wa miguu anajua kuteleza. Kuna mbio za umma zinaitwa Lyzhnya Rossii, zimekuwepo tangu 1982, na humo utakuta bibi, mjukuu na mwanajeshi wote kwenye njia moja ya theluji.

Ila mchezo wenye heshima kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hoki ya barafuni. Na hoki hiyo haianzii kwenye kumbi za matajiri, inaanzia uani.

Kwa ambao hamjafika kule: katikati ya yale maghorofa marefu ya enzi za Sovieti huwa kuna kiwanja kilichozungushiwa mbao, kona zake zimezungushwa ili zisiwe kali. Wanakiita korobka. Majira ya joto watoto wanachezea mpira wa miguu humo. Baridi ikishuka chini ya sifuri na kukaa siku kadhaa mfululizo, wazazi wanatoka jioni. Kwanza wanakanyaga na kushindilia theluji hadi iwe tambarare. Halafu mtu mmoja anavuta bomba la maji kutoka ghorofa ya chini na kunyunyiza tabaka jembamba sana, anasubiri ligande, ananyunyiza jingine. Ukimwaga maji mengi kwa mkupuo, juu kunashika lakini chini kunabaki uwazi, na mtoto akipita barafu inavunjika. Kazi hiyo inaweza kwenda hadi usiku wa manane, watu wanapokezana bomba kwa sababu vidole vinakufa ganzi. Asubuhi watoto wako ndani. Wenye viatu vya barafu wanateleza, wasio navyo wanacheza na mabuti yao ya kawaida. Magongo yamezungushiwa utepe mweusi pale yanapogusa barafu. Hakuna refa, na mechi inaisha mama akiita dirishani.

Sasa historia, maana wengi wanadhani Warusi walizaliwa na hoki hii. Ligi ya kwanza ya Sovieti ya hoki hii ya kisahani (kile kidude bapa kinachopigwa kwa gongo) ilianza tarehe 22 Desemba 1946. Kabla ya hapo walikuwa wakicheza bandi, hoki ya kipira kidogo (nitaigusa mbele). Yaani waliuchukua mchezo wa Wakanada baada ya vita, na mwaka 1954 huko Stockholm, mara yao ya kwanza kabisa kushiriki ubingwa wa dunia, wakaifunga Kanada 7-2 na kubeba kombe. Miaka minane tu! Mwaka 1956 wakachukua dhahabu ya Olimpiki Cortina d'Ampezzo.

Iliwezekanaje? Kocha Anatoly Tarasov ndiye jibu. Barafu ya kutengenezwa ilikuwa adimu, hivyo mazoezi mengi aliyafanyia nchi kavu: kunyanyua vyuma, sarakasi, mbio, mpira wa miguu. Na kwa kuwa wachezaji walitoka kwenye bandi na mpira, walikuja na pasi. Wakanada walizoea nguvu na kupiga langoni, Warusi wakaja na kuzungusha kisahani mpaka kipa hajui atazame wapi. Na wachezaji wa siku hizo walikuwa wa pande zote mbili kweli kweli. Vsevolod Bobrov alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya Sovieti kwenye Olimpiki ya 1952, na nahodha wa timu ya hoki kwenye Olimpiki ya 1956. Lev Yashin, kipa pekee aliyewahi kupata Ballon d'Or (1963), alitwaa Kombe la Sovieti la hoki mwaka 1953 akiwa golini kwa Dynamo, kabla hajatulia kwenye mpira wa miguu.

Na Septemba 1972 ndiyo kilele. Mechi nane dhidi ya Kanada iliyosheheni wachezaji wa kulipwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Kule Kanada wengi walitarajia watoto wa Moscow wafagiliwe mechi zote. Mechi ya kwanza Montreal, Warusi wakashinda 7-3. Mwishowe Kanada ilichukua mfululizo ule kwa ushindi wa nne, kufungwa tatu na sare moja, bao la Paul Henderson likiingia Moscow zikiwa zimebaki sekunde 34 mechi ya mwisho iishe. Warusi walishindwa, na bado wanaizungumzia kwa fahari, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyewadharau tena. Valeri Kharlamov, jezi namba 17, alikuwa nyota wa siku zile. Alifariki kwa ajali ya gari Agosti 1981 akiwa na miaka 33, na hadi leo ukilitaja jina lake mbele ya mzee wa Kirusi, sauti yake inabadilika.

Nipumue kidogo, karibuni mchangie.

Baharia wa Tanga

Mkuu, nondo hizi si za kawaida, tiririka. Swali: haya majina CSKA, Dynamo, Lokomotiv, Spartak nayaona kwenye mpira, kwenye hoki, kwenye kikapu. Ni klabu moja au kila mchezo na klabu yake? Na ni za nani?

Mtoa mada

Swali zuri sana, ndugu yangu. Mtanzania ana bahati ya kulielewa haraka kwa sababu nasi tuna JKT Tanzania na Tanzania Prisons kwenye ligi. Kule ilikuwa hivyo, ila kwa karibu kila klabu kubwa. CSKA ilikuwa ya jeshi. Dynamo, iliyoundwa 1923, ilikuwa ya vyombo vya usalama na polisi. Lokomotiv ni ya shirika la reli. Torpedo Moscow ilikuwa ya kiwanda cha magari. Na kila moja ilikuwa chama kikubwa chenye michezo mingi, kuanzia hoki na kuogelea hadi kulenga shabaha, siyo timu moja ya mpira.

Jeshi lilikuwa na faida moja kubwa: kijana hodari akifikia umri wa kutumikia jeshi, CSKA ingeweza kumchukua akatumikie kwa kucheza. Klabu nyingine zililia sana. Ndiyo maana CSKA ya hoki ilitawala ligi kwa miongo.

Spartak ndiyo ilikuwa ya vyama vya ushirika, nje ya jeshi na polisi, na raia wa kawaida wakaona hiyo ndiyo yao. Mwanzilishi wake Nikolai Starostin na ndugu zake watatu, wote wachezaji, walikamatwa wakati wa Stalin na kupelekwa kambi za kazi. Alirudi baada ya Stalin kufa na akaiongoza Spartak kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukimuona Mrusi mzee anaishabikia Spartak kwa machozi, ujue kuna historia ya familia nyingi humo ndani.

Watoto nao walikuwa na shule za michezo za serikali, bure. Mwalimu anapita darasani, anaangalia urefu, mabega, unyumbufu, anasema huyu kwenye kuogelea, huyu kwenye mazoezi ya viungo. Tangu 1931 kulikuwa na mpango wa GTO, vipimo vya mwili kwa nchi nzima: kukimbia, kuruka, kurusha, kuvuta mwili kwenye chuma, skii, na ukifaulu unavishwa beji. Ulikufa na Sovieti, ukarudishwa 2014.

Mama Junior

Mtoa mada asante. Mimi si mtu wa mpira ila wale wasichana wanaocheza dansi kwenye barafu siwezi kubandua macho. Tueleze. Na ni kweli wanaanza na miaka mitatu minne?

Mtoa mada

Dada, ni kweli, wengi wanaanza wakiwa na miaka mitatu au minne. Na kwa akina mama wa Kirusi huu ndio mchezo wa kwanza, kuliko hata hoki. Ukumbi unajaa bibi na wajukuu, wanarusha wanasesere barafuni msichana akimaliza.

Kwa jozi za mwanamume na mwanamke, kuanzia Olimpiki ya 1964 hadi ya 2006, dhahabu ilikwenda kwao kila mara (mwaka 2002 waligawana na Kanada baada ya kashfa ya majaji). Irina Rodnina peke yake ana dhahabu tatu za Olimpiki na ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo, tena akiwa na wenza wawili tofauti. Wachina ndio walioukata mfululizo huo mwaka 2010.

Lakini kwa wasichana wa siku hizi nina uchungu, na naomba niuseme. Yulia Lipnitskaya alishinda dhahabu ya timu Sochi 2014 akiwa na miaka 15. Mwaka 2017 alishaacha, na akaeleza kwamba alikuwa anatibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova alichukua dhahabu 2018 akiwa na miaka 15, akasitisha kushindana kabla ya kufika 18. Sababu iko kwenye mwili: kuruka na kuzunguka mara nne hewani ni rahisi zaidi kwa mtoto mwembamba ambaye hajavunja ungo kuliko kwa mwanamke mzima. Kocha anayetaka medali haraka anajua hesabu hiyo. Halafu Kamila Valieva, Beijing 2022, naye miaka 15, kipimo chake kikakutwa na dawa iliyokatazwa, akaanguka mara kadhaa mbele ya dunia nzima huku watu wazima waliomzunguka wakiwa salama. Mahakama ya michezo ilimfungia miaka minne. Shirikisho la dunia likapandisha umri wa chini wa wakubwa kutoka 15 hadi 17. Ilipaswa kufanyika zamani.

Mama Junior

Umeniliza. Yule mtoto nilimuona siku ile anatoka barafuni, kocha badala ya kumkumbatia anamuuliza kwa nini aliacha kupambana. Kama mama sikulala.

Mpenda Ngumi

Mkuu umeandika yote umemuacha Khabib? Uzi haujakamilika.

Mtoa mada

Nilikuwa namngoja mtu wa ngumi aje.

Kwanza tuelewane: Khabib Nurmagomedov, yule bingwa wa mapambano mchanganyiko ya UFC, ni raia wa Urusi, lakini kwa kabila ni Mwavari wa Dagestan, Mwislamu wa milima ya Kaukazi. Urusi ina makabila mengi na mieleka yake imebebwa zaidi na watu wa Kaukazi. Kule Dagestan kila kijiji kina chumba cha mieleka, magodoro yamechakaa, baba anampeleka mtoto kama anavyompeleka madrasa. Buvaisar Saitiev, Mchecheni aliyekulia Khasavyurt, mji wa Dagestan, alichukua dhahabu za Olimpiki 1996, 2004 na 2008 kwa mieleka huru. Abdulrashid Sadulaev alichukua Rio na Tokyo. Khabib aliondoka ulingoni Oktoba 2020 akiwa na mapambano 29 bila kushindwa, miezi michache baada ya kufiwa na baba yake, Abdulmanap, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake. Alimuahidi mama yake kwamba bila baba hataendelea, akatimiza.

Mshiko wake ule wa kumlaza mtu na kumfunga miguu umetokana na mieleka, judo na sambo. Sambo ni mchezo wao wenyewe, ulitambuliwa rasmi Novemba 1938, na wanaucheza na koti lenye mkanda pamoja na kaptula. Mmoja wa waliouunda, Vasili Oshchepkov, alijifunza judo Japani penyewe, Kodokan, shule kuu ya judo, akapata mkanda mweusi 1913. Akarudi kuifundisha nchi yake. Mwaka 1937 alikamatwa akisingiziwa ujasusi wa Japani, akafia gerezani. Mwaka uliofuata mchezo ukatambuliwa bila jina lake, na ilichukua miongo kumrudishia heshima yake.

Na asiyetajwa humu hajatendewa haki: Aleksandr Karelin wa Novosibirsk, mieleka ya Kigiriki na Kirumi, dhahabu 1988, 1992 na 1996. Alikuwa anamnyanyua mtu wa kilo 130 kutoka sakafuni na kumtupa nyuma ya kichwa chake. Tafuteni video.

Mkimbiaji wa Iten

Wadau, nasoma kwa makini lakini kuna jambo mnapita nalo juu juu. Sisi Wakenya tumeibiwa na hao jamaa. London 2012, mita 800 wanawake, Pamela Jelimo alimaliza wa nne. Mshindi Mariya Savinova alikuwa anatumia dawa, na ilichukua miaka kabla hajanyang'anywa dhahabu na Jelimo kupandishwa kwenye medali. Ule wakati wa kusimama jukwaani haurudi. Ni mchezo gani huo wa kusifiwa?

Mtoa mada

Ndugu yangu wa Iten, una haki kabisa na sitatafuta maneno ya kupunguza. Novemba 2015 shirikisho la riadha duniani liliifungia Urusi nzima. Kwenye Olimpiki ya Sochi ilikuja kubainika kwamba mikojo ya wanamichezo ilibadilishwa usiku kupitia tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa maabara, na watu wa usalama wakiwa ndani ya mpango huo. Serikali iliyojenga shule za michezo bure ndiyo hiyo hiyo iliyojenga mtandao wa kudanganya. Mwanariadha aliyekataa alikuwa na pa kukimbilia padogo sana. Yuliya Stepanova, mkimbiaji wa mita 800 pia, ndiye aliyesema hadharani pamoja na mumewe, na ilibidi waihame nchi.

Ninachosifu mimi ni wale wazazi wa bomba la maji na yule mtoto wa uani. Wao walidanganywa pia.

Mkimbiaji wa Iten

Hapo tuko pamoja. Na kusema kweli hata kwetu Kenya kesi za dawa zimekuwa nyingi mno, lazima tuseme yetu pia. Endelea.

Mwalimu Mstaafu

Vipi chesi? Enzi zetu tulikuwa tunaletewa magazeti ya Sovieti, ukurasa wa chesi haukosekani.

Mtoa mada

Shikamoo mwalimu. Kwa Warusi chesi ni mchezo kamili, ina makocha, ina shule, ina madaraja. Kuanzia Botvinnik 1948, ubingwa wa dunia ulikaa Sovieti hadi Fischer alipomshinda Spassky Reykjavik 1972, ukarudi kwa Karpov 1975, kisha Kasparov 1985. Kwenye bustani za Moscow utakuta wazee kwenye meza za mbao hadi baridi iwafukuze. Nenda ukakae, watakualika, na watakufunga.

Na kwa kuwa umegusa wazee, kuna gorodki. Vipande vitano vya mbao vinapangwa umbo fulani ndani ya mraba, wewe uko mbali na rungu refu, unarusha kuvitoa nje. Maumbo yapo 15, la kwanza linaitwa mzinga na la mwisho linaitwa barua, ambalo vipande vinne viko kwenye kona na kimoja katikati. Umefifia sana kwa vijana, na naona ni hasara.

Baharia wa Tanga

Uliahidi hoki ya kipira.

Mtoa mada

Naam, bandi. Wachezaji 11 kila upande, uwanja wa barafu wenye ukubwa kama wa mpira wa miguu, dakika 45 mara mbili, kipira kidogo na gongo lililopinda. Moyo wake uko mbali na Moscow: Krasnoyarsk, Khabarovsk, Arkhangelsk, Kemerovo. Watu wanasimama jukwaani nje, baridi kali, na chai ya moto kwenye chupa. Tangu wakati wa Sovieti hadi leo wanauita hoki ya Kirusi.

Na hapa kuna jambo la Afrika Mashariki. Mwaka 2014 ubingwa wa dunia wa bandi ulifanyika Irkutsk, Siberia, na Somalia ilishiriki. Vijana wa Kisomali waliokimbilia Uswidi, wakaishi mji wa Borlänge, walijifunza kuteleza ukubwani na kuunda timu ya taifa. Walifungwa mabao mengi kila mechi, na uwanja mzima wa Siberia ukawashangilia. Ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano yale.

Mpenda Ngumi

Hii sikuijua kabisa. Na siku hizi wakifungiwa kila kitu wanacheza na nani?

Mtoa mada

Tangu Februari 2022, baada ya kuivamia Ukraine, FIFA na UEFA ziliwatoa, na shirikisho la hoki nalo likawatoa. Ligi za ndani zinaendelea. Kwenye hoki wana ligi yao ya KHL iliyoanza 2008, na wachezaji wao wakubwa wako NHL. Tarehe 6 Aprili 2025 Alexander Ovechkin, mzaliwa wa Moscow, alifunga bao la 895 na kuivunja rekodi ya Wayne Gretzky. Kipa aliyefungwa alikuwa Mrusi mwenzake, Ilya Sorokin. Mama yake Ovechkin, Tatyana, ana dhahabu mbili za Olimpiki za mpira wa kikapu, 1976 na 1980, na alikuwa wa Dynamo, chama kile kile ambacho mwanawe alianzia.

Na kwa kuwa nimeutaja mwaka 1980, nimalizie na sisi. Medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania inazo hadi leo zilipatikana Moscow mwaka huo, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Luzhniki. Filbert Bayi, fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: aliongoza kwa pengo kubwa mpaka mzunguko wa mwisho, Malinowski wa Poland akampita. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui, fedha, mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Kenya ilikuwa imesusa, Uganda ilikuwepo na John Mugabi akapata fedha ya ngumi.

Wakati huo kulikuwa na Watanzania wengi wanasoma Sovieti. Mwalimu Mstaafu, au mzee yeyote humu aliyekuwa mwanafunzi kule mwaka huo na akaingia uwanjani, tafadhali andika ulichokiona. Kwenye vitabu nimepata muda na namba tu. Nataka kujua jukwaani ilikuwaje Bayi alipokuwa mbele.